Mwenye ghala akienda bungeni, ghalani anabaki nani? Kisa cha Jimmy Carter kabla ya urais

Jimmy Carter alipofariki Desemba 29, 2024, akiwa na miaka 100, tanzia nyingi zilimtambulisha kwa maneno yaleyale: mkulima wa karanga aliyekuwa Rais wa Marekani. Si uongo, karanga alilima. Ila ukimwita mkulima ukaishia hapo, unakuwa umeruka kitu kilichomlisha, kilichompa wapigakura wake wa kwanza na baadaye kikamwachia deni: ghala. Carter alikuwa mwenye ghala la familia katika mji mdogo wa Plains, jimbo la Georgia. Kabla hajawa gavana wala rais alikaa miaka minne, 1963 hadi 1967, akiwa seneta wa jimbo, na muda wote huo ghala liliendelea kupokea karanga, kuuza mbolea na kukopesha watu.

Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Mtu anawezaje kuwa mtunga sheria na muuza mbolea kwa wakati mmoja? Analipwa na nani? Muswada ukigusa biashara yake, ananyamaza au anapiga kura? Na huyu "seneta wa jimbo" ni seneta wa namna gani, mbona hakuwa Washington?

Tuanze na neno lenyewe, maana linachanganya. Mtanzania akisikia "jimbo" anafikiria jimbo la uchaguzi, kule mbunge anakotoka. Mkenya wa umri mkubwa anakumbuka mabishano ya majimbo wakati wa uhuru. Kwa Wamarekani, jimbo ni karibu nchi ndani ya nchi. Lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake, na bunge lake linalotunga sheria za shule, barabara, leseni, bima, ndoa, jinai na sehemu kubwa ya kodi. Majimbo ni 50. Katika 49 bunge lina mabaraza mawili, la wawakilishi na la seneti. Nebraska peke yake ina baraza moja. Ukihesabu wajumbe wote wa mabunge hayo unapata 7,386. Kwa hiyo nchini Marekani kuna maseneta 100 wanaokaa Washington, hawa tunaowaona kwenye taarifa za habari, na kuna karibu elfu mbili wengine wanaokutana katika miji mikuu ya majimbo yao na ambao hata Wamarekani wengi hawawajui kwa majina. Carter alikuwa katika kundi hili la pili. Useneta wa Washington hakuwahi kuushika.

Sasa malipo, na hapa majimbo hayafanani hata kidogo. California ina wajumbe 120 ambao ubunge ndiyo kazi yao, na hulipwa zaidi ya dola 120,000 kwa mwaka. Texas, ambayo kwa eneo ni kubwa kuliko Kenya, huwalipa wajumbe wake dola 600 kwa mwezi na kuwakutanisha siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, labda gavana aite kikao maalumu. Kisha kuna New Hampshire. Jimbo hili lina watu wapatao milioni 1.4 na wajumbe 424, na kila mjumbe hulipwa dola 200 kwa kipindi kizima cha miaka miwili. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1889 na hakijaguswa. Georgia iko katikati: kwa miaka mingi mshahara wa mjumbe ulikuwa dola 17,000 na ushee kwa mwaka, fedha ambazo kule hazitoshi kupangisha nyumba nzuri na kulisha watoto.

Nyuma ya malipo haya madogo kuna wazo la zamani. Mtunga sheria, wanasema, awe raia wa kawaida anayekwenda kikaoni kwa wiki chache, kisha anarudi kuishi chini ya sheria alizopitisha. Ni wazo zuri na lina ladha ya haki ndani yake. Lakini jaribu kulitimiza. Mfanyakazi wa kiwandani hawezi kumwambia msimamizi wake kwamba kuanzia Januari hadi Machi hatakuwepo, na mwakani hivyohivyo. Mwalimu anapata tabu, muuguzi anapata tabu. Wanaobaki ni wastaafu, mawakili, wakulima wakubwa, wenye mwenza anayepokea mshahara wa uhakika, na wenye biashara za familia. Mwenye biashara ya familia anaweza kuondoka kwa sababu familia inabaki dukani. Ukilishika hilo, mengi kuhusu mabunge ya majimbo yataanza kueleweka, likiwemo jambo ambalo Carter mwenyewe alilieleza baadaye kwa aibu kidogo, nitalifikia.

Hata kalenda inasema hivyo. Bunge la Georgia huanza kikao Jumatatu ya pili ya Januari, na siku zake za kikao ni 40. Karanga za Georgia hupandwa Aprili na Mei, huvunwa kati ya Agosti na Oktoba. Kikao kinaangukia baridi, wakati shamba limelala, na kinamalizika kabla ya mbegu kuingia ardhini. Waliopanga hivyo hawakuwa wakimfikiria mfanyakazi wa mshahara.

Ghala lilivyofanya kazi

Kwa msomaji wa Lindi au Mtwara, neno "ghala" huleta picha ya stakabadhi ghalani: mazao yanapelekwa kupitia chama cha msingi, yanapimwa, yanasubiri mnada. Ghala la kina Carter halikuwa la ushirika. Lilikuwa mali ya mtu na familia yake, na lilisimama katikati ya maisha ya mkulima kuanzia kupanda hadi kuvuna.

Msimu wa kupanda, mkulima alikuja kuchukua mbegu, mbolea na chokaa ya kupunguza ukali wa udongo. Wengi hawakuwa na fedha taslimu. Walichukua kwa mali kauli, jina likaandikwa daftarini. Msimu wa kuvuna, mkulima yuleyule alirudi na matrela ya karanga. Trela lilipandishwa kwenye mizani, sampuli ikachomolewa kutoka katikati ya shehena, ikabanguliwa na kukaguliwa: unyevu kiasi gani, mchanga na vijiti kiasi gani, punje nzima ngapi, zilizooza ngapi. Daraja likapangwa, bei ikatoka, deni la mbegu na mbolea likakatwa, kilichobaki akapewa. Mwaka wa mvua kila mtu alitabasamu. Mwaka wa ukame mkulima hakuwa na cha kuleta, na mwenye ghala alibaki na daftari lililojaa majina.

Mwenye ghala wa kwanza alikuwa baba, James Earl Carter, mtu wa ardhi na duka. Mwaka 1952 alichaguliwa kuingia baraza la wawakilishi la Georgia, na Julai 1953 saratani ikamchukua, hata mwaka mmoja bungeni hajaumaliza vizuri. Mwanawe Jimmy alikuwa ofisa wa jeshi la majini huko Schenectady, jimbo la New York, katika mpango wa nyambizi za nyuklia, kazi ambayo vijana wengi wa Plains wasingeiota. Alirudi kumuuguza mzee. Pale kitandani na baadaye msibani akawa anawasikia watu, weupe kwa weusi, wakieleza namna marehemu alivyowasaidia kimyakimya: huyu alisamehewa deni, yule alinunuliwa nguo. Akaamua kuacha jeshi na kurudi nyumbani. Mkewe Rosalynn hakutaka kabisa. Ameandika mwenyewe jinsi alivyopinga, na safari ya kurudi Plains haikuwa ya mazungumzo mengi.

Walikodi nyumba katika makazi ya umma yaliyojengwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Mwaka 1954 ukame ukapiga Georgia, na faida ya biashara kwa mwaka mzima haikufika dola 300. Hapo ndipo Rosalynn alipoingia ofisini ghalani kupokea simu, kisha akachukua vitabu vya hesabu, akajifunza, na baada ya miaka michache ndiye aliyekuwa anamwambia mumewe kipi kinalipa na kipi kinakula mtaji. Jimmy alikuwa kwenye mizani na mashambani. Picha ya biashara kwenye karatasi ilikuwa kichwani mwa mkewe.

Mteja ni mpigakura

Kuna jambo moja watu husahau wanapozungumza juu ya mfanyabiashara katika siasa. Hufikiri hatari iko upande mmoja tu, kwamba atatumia kiti kunufaisha duka. Katika mji mdogo hatari ya upande wa pili ni kubwa vilevile: duka linaweza kutumika kumfunga mdomo. Mteja ndiye mpigakura, na daftari la madeni na orodha ya wapigakura vina majina yaleyale.

Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua mwaka 1954 kwamba shule za kutenga watoto kwa rangi ni kinyume cha katiba, wazungu wengi wa Kusini walianzisha mabaraza ya kupinga uamuzi huo. Plains nayo ikapata lake. Wakuu wa mji walimwendea Carter ajiunge. Akakataa. Wakarudi wakiwa na baadhi ya wateja wake wakubwa, wakamwambia kama shida ni ada ya dola 5, wao watamlipia. Akakataa tena, na baadhi ya watu wakaacha kununua kwake. Mgomo haukudumu, wateja wakarudi polepole.

Lakini usimgeuze mtakatifu. Kilomita chache tu kutoka hapo kulikuwa na shamba la Koinonia, lililoanzishwa mwaka 1942 na Wakristo waliotaka weusi na weupe waishi na kula pamoja. Hao walipigwa risasi, walitegewa mabomu, na wafanyabiashara wa eneo wakakataa kuwauzia hata mbegu na mbolea. Wakalazimika kuishi kwa kuuza kokwa za pekani kwa njia ya posta. Carter aliiona adhabu hiyo kwa macho. Alikuwa mjumbe wa bodi ya shule ya Kaunti ya Sumter (kaunti ni kama wilaya ndani ya jimbo) kwa miaka kadhaa, na katika miaka hiyo shule ziliendelea kutenganishwa kwa rangi. Hakujiunga na wabaguzi, na hakusimama mbele kuwapinga pia. Ndivyo anavyotembea mtu ambaye mapato yake yote yanategemea majirani: anapima kila neno kama anavyopima karanga.

Suruali ya Jumapili

Mpaka mwaka 1962 seneti ya Georgia ilikuwa kitu cha ajabu. Katika sehemu nyingi, kaunti tatu ziliunganishwa na kupeana zamu: kipindi hiki seneta anatoka kwenu, kijacho kwetu, kile kingine kwao. Kabla mtu hajazoea kazi, zamu imeisha. Juu ya hapo kulikuwa na mfumo wa kura za vitengo katika kura za maoni za chama cha Democratic, ambazo Kusini wakati ule ndizo zilizokuwa uchaguzi wenyewe. Georgia ina kaunti 159. Kaunti 8 kubwa zilipewa vitengo 6 kila moja, 30 zilizofuata vitengo 4, na 121 zilizobaki vitengo 2. Maana yake kaunti tatu za mashambani, hata zikiwa na watu elfu chache kila moja, zilitoshana nguvu na Fulton yenye jiji la Atlanta na zaidi ya watu nusu milioni. Aliyetaka ugavana hakuwa na haja ya kuhangaika na mjini. Alihitaji kujuana na wazee wa kaunti ndogo, na kila kaunti ndogo ilikuwa na mzee wake.

Machi 1962 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi iliyotoka Tennessee, kwamba mahakama za shirikisho zinaweza kusikiliza malalamiko ya ugawaji wa viti usio wa haki. Ndani ya miezi michache mfumo wa Georgia ulipigwa chini na seneti ikalazimika kugawanywa upya kwa idadi ya watu. Viti vipya, ramani mpya, na kura za maoni zikapangwa Oktoba 16.

Asubuhi ya Oktoba 1, siku aliyotimiza miaka 38, Carter aliamka akavaa suruali yake ya Jumapili badala ya nguo za kazi. Rosalynn akamuuliza kama anakwenda mazikoni. Hapana, akasema, anakwenda mji jirani wa Americus kutoa tangazo gazetini kwamba anagombea useneta. Hilo ndilo jambo nililosema nitalifikia. Carter alilisimulia mara nyingi uzeeni, na kila mara alikiri kwamba hakumshauri mkewe hata kidogo. Msimu wa mavuno ulikuwa umepamba moto, matrela yalikuwa yamejipanga ghalani, na mtu ambaye kazi yote ingemwangukia alipata habari wakati mumewe anafunga vifungo.

Mpinzani wake, Homer Moore wa Richland, naye alikuwa mfanyabiashara wa karanga. Eneo jipya la uchaguzi lilikuwa na kaunti 7. Sita kati yao zilipiga kura kama watu wanavyopiga kura. Ya saba, Quitman, ilikuwa mikononi mwa Joe Hurst, mwakilishi wa kaunti hiyo bungeni na mwenye neno la mwisho katika kila jambo la pale. Siku ya kura, katika mahakama ya mji wa Georgetown, hapakuwa na vibanda vya siri. Watu walijaza karatasi mezani, mbele ya Hurst, huku akiwaelekeza jina la kukata. Kura ziliingizwa kwa tundu la boksi la karatasi ngumu, na aliweza kuchomoa aliyoitaka aitazame. Rafiki wa Carter aliyekuwepo kuangalia alipiga simu kueleza anachokiona. Carter alikuwa anaongoza mpaka matokeo ya Georgetown yalipoingia. Yakamwacha nyuma kwa kura 139.

Hakukubali. Mwandishi wa gazeti la Atlanta, John Pennington, alikwenda kuchimba na kuandika. Wakili wa Atlanta, Charles Kirbo, akaichukua kesi. Ikaonekana waliopiga kura Georgetown walikuwa 333, ilhali ndani ya boksi mlikuwa na kura 420. Zaidi ya watu 100 walionekana wamepiga kura kwa mpangilio wa alfabeti, eti walijipanga foleni kwa herufi za majina yao. Wengine walikuwa wamehama, wengine gerezani, wengine kaburini. Kura za Georgetown zikatupwa, na Carter akawa mbele kwa kura 65.

Ungedhani imekwisha. Chama kikagombana nani mgombea halali, jaji mmoja akaamua hivi, mwingine vile, na usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu wa Novemba 6 ikaamriwa majina yote mawili yafutwe na wapigakura waandike jina kwa mkono. Carter alipata kura 3,013, Moore 2,182. Hata hivyo hakuwa na uhakika wa kuapishwa mpaka aliposimama mwenyewe ndani ya ukumbi wa seneti Januari 1963.

Muswada ukigusa karanga

Carter aliingia na ahadi ambayo baadaye alisema aliijutia: kusoma kila muswada kabla ya kuupigia kura. Miswada ilikuwa mamia kwa mamia, mingi ya kipuuzi, kama vile kubadilisha mshahara wa ofisa mmoja wa kaunti moja. Ilimbidi ajiandikishe kwenye mafunzo ya kusoma haraka. Kazi iliyobaki kama alama yake ni ya elimu: alipigania chuo cha Georgia Southwestern, kilichoko Americus, jirani na kwake, kipandishwe kutoka cha miaka miwili hadi cha miaka minne, na ikawa hivyo. Hotuba yake ya kwanza ilipinga yale maswali 30 waliyoulizwa watu weusi walipotaka kujiandikisha kupiga kura, maswali ambayo hata waulizaji wasingeyajibu.

Sasa turudi kwenye swali la mgongano wa maslahi, ambalo watu hulirahisisha mno. Je, seneta mwenye ghala la karanga hakuweza kujipandishia bei ya karanga? Hakuweza, kwa sababu bei haikuwa Atlanta. Tangu enzi za Rais Roosevelt, serikali ya shirikisho ndiyo iliyoamua mkulima apande ekari ngapi za karanga na bei ya chini iwe kiasi gani. Mkono uliokuwa juu ya mizani ulikuwa Washington. Bunge la jimbo liligusa mambo mengine: ukaguzi wa mizani, ubora wa mbolea, leseni za maghala, ushuru wa mafuta, barabara za lami kufika vijijini. Barabara nzuri ikipita Plains, ghala linafaidika. Na mkulima anafaidika, na basi la shule linafaidika. Utaitenganishaje faida ya seneta na ya wananchi wake?

Mabunge mengi ya majimbo yamejibu kwa kanuni moja inayofanana na nyingine. Kama muswada unamgusa mjumbe sawasawa na kila mwenye biashara ya aina hiyo katika jimbo, anaruhusiwa kupiga kura. Kama unamgusa yeye hasa, kwa mfano kandarasi inayokwenda kwa kampuni yake, akae pembeni. Aidha hutakiwa kutangaza vyanzo vya mapato yake. Kwangu mimi kanuni hii ina busara na ina tundu. Busara ni kwamba bunge la raia haliwezi kumkataza mkulima kuzungumzia kilimo, maana ndiyo sababu ya kumpeleka. Tundu ni kwamba "kila mwenye biashara ya aina hiyo" katika jimbo fulani wanaweza kuwa watu watano, na watatu kati yao wamekaa ukumbini.

Kwetu Tanzania jibu lilikuwa tofauti kabisa, na tarehe zinapishana kwa namna ya kushangaza. Carter alimaliza useneta Januari 1967. Februari 5 mwaka huohuo Azimio la Arusha lilitangazwa, likisema kiongozi wa TANU au wa serikali awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na wakaona mbali: "kiongozi" hapo ni pamoja na mkewe au mumewe. Waandishi wa Azimio walikuwa wameelewa kitu ambacho kanuni za Marekani zilipita juu yake, kwamba duka la familia haliachi kuwa duka lako kwa sababu mwenzako ndiye aliyeshika funguo. Kwa kipimo cha Arusha, Carter angechagua kiti au ghala. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na leo viongozi wetu nao hutangaza mali, hujaza fomu, na hubaki na maduka yao.

Ghala bila mwenyewe

Miaka ile minne ya seneti Plains ilikuwa umbali wa saa chache kwa gari kutoka Atlanta. Vikao vilikuwa vya wiki kadhaa, simu ilikuwepo, na Rosalynn alikuwa na vitabu. Biashara haikulegea, ilikua, hasa upande wa mbegu bora. Mdogo wake Jimmy, Billy, naye alikuja kusaidia. Carter alipogombea ugavana mwaka 1966 akashindwa, alikuwa na mahali pa kurudi Jumatatu asubuhi. Aligombea tena 1970 akashinda, akahamia Atlanta na familia, na safari hii ghala likabaki kwa Billy.

Urais ulibadilisha masharti. Aliposhinda mwaka 1976, Carter aliweka biashara chini ya amana ya aina ambayo mwenye mali haruhusiwi kujua inavyoendeshwa, ili asije akaamua jambo la karanga ikulu huku akijua linamwingizia kiasi gani nyumbani. Msimamizi wa amana alikuwa Charles Kirbo, wakili yuleyule wa boksi la Georgetown. Billy akaondoka ghalani. Baadaye akachafua magazeti kwa dola 220,000 alizopokea kutoka Libya, lakini hiyo ni hadithi yake na ni ndefu.

Amana haikuzima maswali. Mwaka 1979 mwanasheria maalumu, Paul Curran, aliteuliwa kuchunguza mikopo ambayo ghala lilichukua katika benki iliyowahi kuongozwa na rafiki wa Carter, Bert Lance, kama fedha hizo ziliingizwa kwenye kampeni. Vitabu vya ghala vikafunguliwa ukurasa kwa ukurasa, na miezi kadhaa baadaye akasema hakuona ushahidi wa fedha kuhamishwa. Kwa viwango vya kuchunguza duka la ukoo, sidhani kama kuna ghala la karanga lililowahi kupekuliwa zaidi ya lile.

Kilichokuwa kikiendelea ndani ya ghala lenyewe Carter hakukijua, na kwa masharti ya amana hakutakiwa kukijua. Alipoondoka ikulu Januari 1981, baada ya kushindwa na Ronald Reagan, Kirbo alimpa hesabu. Kulikuwa na misimu mibaya mfululizo, usimamizi ulikuwa umebadilika mikono, na biashara aliyoiacha ikiwa nzima ilikuwa na deni la karibu dola milioni moja. Kwa miaka 23, kuanzia 1954, kulikuwa na mtu wa familia ofisini anayejua nani anadaiwa nini. Katika miaka minne ya amana hapakuwa na mtu kama huyo.

Wakaliuza ghala kwa kampuni kubwa ya Archer Daniels Midland mwaka 1981. Deni likalipika, mashamba yakabaki yao, na nyumba waliyoijenga Plains mwaka 1961 ikabaki yao. Jimmy akakaa kuandika kumbukumbu zake kwa sababu alihitaji fedha. Rosalynn naye akaandika zake, na humo ndimo tunamosoma yule mama wa ofisini akieleza jinsi alivyojifunza kusoma vitabu vya hesabu vya ghala.